Ameona Maono: Je, Sote Tumfuate?



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulinong'ona tukitoka kwenye sala, lakini mara chache hulileta mezani tukalichambua. Ni habari ya maono, ndoto na jumbe ambazo watu husema wamepewa na Mungu, au na Bikira Maria, au na malaika. Siku hizi jumbe hizo hazingoji hata mgeni abishe hodi. Zinaingia kwenye simu usiku wa manane: fulani ametokewa katika nchi fulani, soma sala hii, uitume kwa watu kumi, na ukiipuuza utapatwa na msiba. Mama anasoma, moyo unamdunda, na kabla hajanawa uso amekwisha kuwapelekea shoga zake kumi.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika mambo ya imani methali hiyo tusiitumie. Si kila lisemwalo kuwa limetoka mbinguni limetoka huko.

BARUA YA MSOMAJI

Mama mmoja ametuandikia. Hatutamtaja jina wala mahali anapokaa, ila ametupa ruhusa tuieleze shida yake kwa kuwa anaamini hayuko peke yake. Ana mtoto wa kiume wa miaka minne. Tangu alipokuwa mchanga, mtoto huyo huvimba mikono na miguu, macho huwa ya manjano, na maumivu yakimshika hulia usiku kucha. Hospitali walimpima damu wakasema ana ugonjwa wa selimundu. Akapewa dawa na tarehe za kliniki.

Katika kikundi chao cha sala yuko mama anayeheshimiwa kuwa ana karama ya maono. Siku moja, wakimwombea mtoto, mama huyo alisema ameona bibi kizee aliyevaa kitenge cha buluu akimfunga mtoto miguu kwa uzi mweusi. Hakutaja jina, lakini hapakuwa na haja. Mama mkwe wa mwandishi wetu anakaa nao nyumba moja, na kitenge chake cha buluu kila mtu anakijua. Yakafuata maagizo matatu: mtoto asipelekwe tena kliniki, kwa kuwa imani na dawa havipikwi chungu kimoja, bibi arudishwe kijijini, na mama afunge siku ishirini na moja.

Mume amekataa katakata. Amesema hawezi kumfukuza mama yake kwa ajili ya ndoto ya jirani. Tangu siku hiyo nyumba imenuna. Bibi anakula peke yake uani. Na mwandishi wetu anauliza: "Nikiyakataa maono yale, je, nimemkataa Roho Mtakatifu?"

Mama mpendwa, swali lako ni zito na tutalijibu polepole. Lakini moja halingoji: kliniki ya mtoto isikatizwe hata siku moja. Ukisoma ukurasa huu na tarehe yake imepita, mpeleke kesho asubuhi. Mengine tutayazungumza akiwa anaendelea na dawa zake.

UFUNUO WA WOTE NA UFUNUO WA MTU BINAFSI

Kanisa linatofautisha mambo mawili ambayo sisi tunapenda kuyachanganya. La kwanza ni ufunuo wa hadhara, yaani yale Mungu aliyoyafunua kwa ajili ya watu wote wa nyakati zote. Ufunuo huo ulifikia kilele chake katika Yesu Kristu. Tumeupokea kwa njia ya Mitume, nasi tunao katika Maandiko Matakatifu na mapokeo ya Kanisa. Barua kwa Waebrania inaanza na jambo hilo hilo: zamani Mungu alisema na wazee wetu kwa njia nyingi na kwa manabii, lakini mwishoni amesema nasi katika Mwana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Ufunuo, unafundisha kwamba hatutazamii tena ufunuo mwingine wa hadhara mpaka Bwana atakaporudi katika utukufu.

La pili ni ufunuo wa binafsi. Mungu hajawa bubu. Anaweza kumgusa mtu kwa ndoto, kwa maono au kwa neno moyoni, kwa faida yake au ya wenzake. Hata hivyo, Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inaeleza wazi kwamba ufunuo wa namna hii, hata ule uliotambuliwa na Kanisa, si sehemu ya hazina ya imani. Kazi yake si kumkamilisha Kristu wala kumsahihisha. Kazi yake ni kutusaidia kuliishi Neno lake katika wakati fulani.

Fikirini habari ya wosia. Mzee ameandika wosia wake, umesomwa mbele ya watoto wote, mashahidi wametia sahihi. Miezi ikipita, mtoto mmoja anatokea nyuma ya nyumba anasema, "Baba alininong'oneza usiku." Pengine ni kweli alinong'onezwa. Kama mnong'ono huo unasema, "Mpende dada yako," nani atabisha? Umeelekeza kule kule kulikoelekezwa na wosia. Lakini kama unasema, "Shamba la dada yako ni langu," ndugu wote watasimama, hata kama msemaji ni kifungua mimba, hata kama analia machozi. Wosia ulisomwa hadharani, na mnong'ono hauwezi kuufuta.

Mtakatifu Yohane wa Msalaba, aliyeishi Uhispania katika karne ya 16, alikuwa mtu wa sala ya ndani sana. Ungedhani angewahimiza watu watafute maono. Yeye aliwaonya. Alifundisha kwamba Mungu ametupa kila kitu katika Mwanawe, na anayedai maono mapya kana kwamba Kristu hatoshi anamkosea Mungu heshima.

Na hapa ndugu zetu wa madhehebu mengine hawako mbali nasi. Tunaweza kutofautiana juu ya mambo ya kutokewa na Bikira Maria, lakini wao nasi tunasoma Wagalatia 1:8 ile ile, ambapo Mtume Paulo anakataa Injili nyingine hata ikiletwa na malaika kutoka mbinguni.

BIBLIA HAIDHARAU MAONO, ILA INAYAPIMA

Asiseme mtu kwamba tunaudharau uwezo wa Mungu. Hajiri, mtumwa aliyefukuzwa, alitokewa na malaika jangwani. Yosefu aliongozwa kwa ndoto akaiokoa familia yake. Petro alipata maono juu ya dari akiwa na njaa. Lakini angalieni Petro alivyofanya baadaye. Katika Matendo ya Mitume sura ya 11 alikwenda Yerusalemu akajieleza mbele ya ndugu, akajibu maswali yao, akiwa na mashahidi sita waliofuatana naye. Alikuwa mkuu wa Mitume, na bado alikubali kuulizwa. Mwonaji wa leo anayekasirika akiulizwa amejifunza wapi?

Kwa sisi wanawake upo mfano mzuri ambao hausomwi mara nyingi. Soma 2 Wafalme sura ya 22 na 23. Katika siku za mfalme Yosia kitabu cha Sheria kilipatikana hekaluni. Mfalme alipokisikia alirarua mavazi yake, akawatuma kuhani mkuu na wakubwa wa serikali wakamwulize Mungu. Nao wakaenda kwa Hulda, nabii, mke wa Shalumu mtunza mavazi. Wakubwa hao wakabisha hodi nyumbani kwa mama mwenye mume na shughuli zake. Hulda alisema nini? Aliwaambia kwamba maneno ya kitabu ni ya kweli na yatatimia. Hakuleta kitabu chake mwenyewe. Na baada ya hapo, mfalme alipowakusanya watu wote, wakubwa kwa wadogo, kilichosomwa mbele yao kilikuwa kile kitabu. Karama ya mwanamke huyu ilikuwa kubwa, na ukubwa wake ulikuwa katika kuwarudisha watu kwenye Neno la wote.

Upo na mfano wa kutisha, katika 1 Wafalme sura ya 13. Mtu wa Mungu kutoka Yuda alitumwa Betheli, naye alikuwa na agizo la wazi: asile chakula, asinywe maji, asirudi kwa njia aliyojia. Mfalme alipomkaribisha alikataa. Kisha akaja nabii mzee, mtu wa heshima, akamwambia kwa upole kwamba malaika amemwagiza amrudishe nyumbani ale. Maandiko yanasema wazi kuwa mzee alimdanganya. Mtu wa Mungu akarudi, akala, na akiwa njiani simba akamwua. Aliyashinda maneno ya mfalme, akashindwa na maneno ya mtu wa dini. Aliacha neno alilolijua kwa ajili ya neno aliloambiwa na mwingine kwamba limetoka kwa malaika.

SALA TUNAZOZIPENDA ZILITOKA WAPI?

Baadhi ya ibada ambazo sisi akina mama tunazishika kila siku zilianza na ufunuo wa binafsi. Wengi wenu husali rozari ya Huruma ya Mungu saa tisa alasiri. Ibada hiyo ilitokana na Mtakatifu Faustina, sista wa Poland aliyezaliwa mwaka 1905 akafariki mwaka 1938. Hakuwa msomi. Alifanya kazi jikoni, bustanini na kwenye lango la utawa. Alimtii mwungamishi wake na wakubwa wake hata walipomwambia asubiri. Baada ya kifo chake mambo yalizidi kuwa magumu: mwaka 1959 Roma ilizuia kueneza ibada hiyo kwa namna aliyoipendekeza, na zuio hilo liliondolewa mwaka 1978. Tarehe 30 Aprili 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu. Miaka 19 ya kungojea! Jambo la Mungu haliharibiki kwa kungojea. La mwanadamu ndilo lenye haraka.

Karibu nasi zaidi kuna Kibeho, kusini mwa Rwanda. Tarehe 28 Novemba 1981, msichana wa shule ya sekondari aitwaye Alphonsine Mumureke alisema ametokewa na mwanamke aliyejitambulisha kama Nyina wa Jambo, maana yake Mama wa Neno. Sikilizeni jina hilo. Hakujiita mwenye neno jipya, alijiita Mama wa Neno, na Neno ni Kristu. Wanafunzi wenzake walimcheka. Mmoja wa waliompinga kwa ukali alikuwa Marie Claire Mukangango, ambaye baadaye naye alisema ametokewa, kama Nathalie Mukamazimpaka kabla yake. Habari zikaenea, na watu wengine wengi wakaanza kudai maono.

Kanisa lilifanya nini? Halikupiga vigelegele wala halikuwafukuza. Mwaka 1982 askofu wa Butare aliunda tume mbili, moja ya madaktari na nyingine ya wanateolojia. Mwaka 1988 ibada ya hadhara iliruhusiwa mahali pale. Hukumu yenyewe ilitolewa tarehe 29 Juni 2001 na askofu wa Gikongoro, Augustin Misago, karibu miaka 20 baada ya siku ya kwanza. Na katika wote waliodai maono, waliotambuliwa ni wale wasichana watatu tu. Marie Claire hakuwapo kusikia, maana aliuawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Kumwona Mama wa Bwana hakukumwondolea msalaba.

Ujumbe wa Kibeho ulikuwa toba, sala na kupendana. Je, hayo hayamo katika Injili? Yamo. Ndiyo sababu Kanisa likasema unaweza kuuamini. Zingatieni neno hilo: unaweza. Hata leo Mkatoliki asiyevutwa na Kibeho, Lourdes au Fatima hajatenda dhambi dhidi ya imani. Na katika maagizo mapya yaliyotolewa Roma tarehe 17 Mei 2024, kawaida sasa ni kwamba askofu hatangazi kuwa tukio limetoka kwa Mungu kwa hakika. Likionekana jema, hutamka kwamba hakuna kizuizi cha waamini kulifuata. Kama Kanisa lote linasema kwa tahadhari hivyo, jirani anapata wapi ujasiri wa kusema, "Usiponifuata umelaaniwa"?

YALIPOACHWA BILA KUPIMWA

Tusidhani haya ni mambo ya vitabuni. Katika Uganda, miaka ya 1980, Credonia Mwerinde alisema anapata maono ya Bikira Maria. Yeye na Joseph Kibweteere wakaongoza kundi lililojiita la Kurudisha Amri Kumi za Mungu. Jina zuri, tena la Biblia. Wafuasi waliuza mali zao wakawakabidhi viongozi. Mume na mke walikatazwa kukaribiana. Mazungumzo yalizuiwa, watu wakasemezana kwa ishara. Walitangaziwa mwisho wa dunia, na mwaka 1999 ukaisha bila mwisho huo kufika. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, jengo lao la sala liliteketea na mamia ya watu ndani. Baadaye miili mingine ilifukuliwa katika nyumba za kundi hilo. Wengi walikuwa wanawake na watoto.

Mwaka 2023 Kenya nayo ikalia. Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliokuwa wamehamia huko wakiaminishwa kwamba kufunga mpaka kufa ni njia ya kukutana na Yesu. Watoto walikuwamo. Mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walifikishwa mahakamani, wakakana mashtaka.

Akina mama waliofika Kanungu na Shakahola hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wanaosali. Wengi wetu tunaposikia habari hizi tunasema, "Mimi siwezi kufika huko." Lakini hakuna aliyefika huko kwa siku moja. Mwanzo wake huwa mdogo: acha dawa hii, usiseme na ndugu yule, mume wako asijue. Mfa maji haishi kutapatapa, na mama mwenye mtoto mgonjwa ni kama mfa maji. Anayemkuta katika hali hiyo anaweza kumshika mkono, au anaweza kumzamisha.

VIPIMO VITANO VYA NYUMBANI

Mtume Paulo, katika 1 Wathesalonike 5:19-21, anatufundisha tusimzimishe Roho, tusidharau unabii, bali tupime yote na kulishika lililo jema. Haya ndiyo maswali ya kupimia:

1. Je, linapatana na Neno la Mungu lililo wazi? Ujumbe unaovunja amri hautoki kwa aliyeitoa amri. Kumbukumbu la Torati sura ya 13 inasema hata ishara ikitimia, nabii akituvuta mbali na Mungu tusimfuate.

2. Je, linamtaja mtu kuwa mchawi, adui au mkosaji bila ushahidi? Amri ya nane inakataza kumshuhudia jirani uongo. Aliyeshtakiwa kwa ndoto hana namna ya kujitetea, maana ndoto haina shahidi.

3. Je, linakubali mwanga? Ujumbe unaosema "mumeo asijue" au "paroko asiambiwe" tayari umejihukumu. Kumbukeni Petro na wale mashahidi sita.

4. Je, nani anafaidika? Kama kila maono yanaishia kwenye bahasha, mafuta ya kununua au utukufu wa mwonaji, hapo pana biashara.

5. Je, matunda yake ni yapi? Bwana alisema tutawatambua kwa matunda yao. Amani, toba, subira na upendo ni matunda ya Roho. Hofu, ugomvi na nyumba kugawanyika ni matunda ya nani?

Ujumbe ukishindwa hata kipimo kimoja kati ya hivi, usiufuate. Mpelekee paroko au katekista aupime. Na zile jumbe za simu zenye vitisho, zifute bila hofu. Mungu hamwadhibu mtoto wa mtu kwa sababu mama yake hakutuma ujumbe kwa watu kumi.

JIBU KWA MAMA ALIYEANDIKA

Sasa, mama mpendwa, tuyapime maono uliyopewa.

Umeambiwa uache kliniki. Soma Yoshua bin Sira sura ya 38. Hapo tunafundishwa kumheshimu tabibu kwa kuwa naye ameumbwa na Mungu, na kwamba dawa zimetoka katika ardhi kwa uwezo wa Bwana. Tunafundishwa kusali tunapougua, na kisha kumpa tabibu nafasi yake. Imani na dawa zimepikwa chungu kimoja tangu zamani.

Umeambiwa bibi ndiye aliyemfunga mtoto. Ukweli wa selimundu unajulikana. Ni ugonjwa wa kurithi. Mtoto huupata anapopokea chembe yake kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, wote wawili, ingawa wao wenyewe huwa wazima na pengine hawajui kwamba wanayo. Wazazi wa namna hiyo, katika kila mimba, wana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Hakuna uzi mweusi hapo. Hakuna wa kulaumiwa, si bibi, si wewe, si mumeo, maana hakuna aliyechagua damu aliyozaliwa nayo. Chembe zake nyekundu za damu hujikunja umbo la mundu, zikaziba mishipa midogo, ndipo maumivu na uvimbe. Lile manjano la macho linatokana na chembe hizo kuvunjika upesi.

Kwa hiyo fuata ya daktari: vidonge vya foliki, kinga ya malaria, chanjo zote, na dawa nyingine atakazoona zinafaa, kama hidroksiurea. Mnyweshe maji ya kutosha, umkinge na baridi. Akipata homa, au akikosa pumzi, au akipauka ghafla, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, usingoje sala ya jioni. Salini njiani. Na ninyi wawili mwulizeni daktari juu ya kupima damu zenu kabla ya mimba nyingine.

Umeambiwa umfukuze mama mkwe. Amri ya nne inasema waheshimu baba na mama, na mama wa mumeo ni mama yako. Maono yale, basi, yameanguka kwenye amri ya nne na ya nane kwa pigo moja. Mumeo amesimama mahali sahihi. Usimwone kuwa hana imani.

Na kufunga siku ishirini na moja? Kufunga ni kwema, lakini mama anayekesha na mgonjwa anahitaji nguvu. Mwulize paroko wako, naye atakupa sadaka ya kiroho inayokufaa.

Umeuliza kama ukiyakataa maono umemkataa Roho Mtakatifu. Hapana. Roho aliyeagiza tupime hawezi kukasirika tukipima. Uliyekuwa karibu kumkataa ni bibi wa mtoto wako. Usikae na hilo moyoni. Mpelekee chakula uani, ule naye, umwambie kwa mdomo wako kwamba humshuku. Usingoje aulize. Kwa mtu mzima aliyenyamaziwa nyumbani kwa mwanawe, sahani moja iliyoliwa pamoja ni dawa.

Juu ya yule mwenzenu mwenye maono, msimtukane wala msimpe jina baya, maana hilo nalo ni ushahidi wa uongo. Pengine anaomba kwa moyo mweupe na kuchukua mawazo yake kuwa sauti ya Mungu. Kiongozi wa kikundi amwite faraghani, amweleze, na kikundi kiwe chini ya uangalizi wa paroko. Karama isiyokubali kuongozwa ni kama jiko lisilo na mafiga: moto upo, chungu kinamwagika.

UKIOTA WEWE MWENYEWE

Na kama wewe, msomaji, umeota ndoto iliyokugusa? Usiogope, wala usikimbilie kuitangaza. Luka anatuambia Bikira Maria aliyahifadhi mambo yote akiyatafakari moyoni. Yeye aliyetembelewa na malaika kweli kweli hakwenda kupiga mbiu Nazareti. Iandike, isalie, ilinganishe na Injili. Ikikuita utubu, usamehe au umsaidie mwenye shida, fanya hivyo, huhitaji cheti. Ikikutuma kumwamrisha mwingine, kaa kimya kwanza, umwone mwungamishi wako.

Biblia iliyo kabatini, yenye vumbi na kadi za kliniki katikati ya kurasa, ina neno la Mungu kuliko maono yote ya mtaa mzima. Mama anayesoma sura moja kila jioni na watoto wake hatakosa mwongozo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu, ni nani tumemtenga kwa sababu ya ndoto au maono ya mtu? Tutampatanishaje?

2. Someni 1 Wafalme 13:1-32. Kwa nini mtu wa Mungu aliweza kumkataa mfalme lakini hakuweza kumkataa nabii mzee?

3. Tunapomwombea mgonjwa, je, tunamuuliza kama anatumia dawa zake na kwenda kliniki?

Mama wa Neno atuombee, tulishike Neno lililotolewa kwa wote. Mpaka mwezi ujao, kaeni na amani ya Kristu.